Kumlipa kodi ndugu yako Uingereza, na kaunsili inayotaka kujua kama kweli unamlipa

Swali hili naletewa kila mahali, WhatsApp, msibani, kwenye foleni ya pilau harusini, na karibu kila anayeuliza anaanza kwa kunong'ona utadhani anaulizia bidhaa ya magendo: eti mtu akipanga nyumba ya ndugu yake hapa Uingereza, hausing benefiti, ile pesa ya serikali ya kusaidia kodi ya nyumba, anapata au hapati? Wengi washaambiwa hapati. Waliambiwa na nani? Na fulani, ambaye naye alisikia kwa dereva teksi mmoja wa Coventry. Sa mi nawaambia anapata. Hakuna kifungu kinachosema ndugu haruhusiwi kuwa mwenye nyumba wako, ila vipo vifungu vinavyomfanya ofisa akukodolee macho kuliko anavyomkodolea mtu aliyepanga kwa asiyemjua, na vifungu hivo vinatupata zaidi sisi watu wa kwetu kwa sababu ya jinsi tunavyoishi na ndugu zetu, mambo hayaandikwi, hela haihesabiwi, na anayehesabu anaonekana ana roho mbaya.

Mi naishi Leicester, sio mwanasheria, ni mtu tu ambaye Jumamosi nakaa na wenzangu kwenye ukumbi wa jumuiya tunasaidia watu kujaza fomu na kusoma barua, manake barua za kaunsili, yaani serikali ya mtaa, zina Kiingereza ambacho hata Waingereza wenyewe wanalalamika. Kwa hiyo haya yanatoka huko, pamoja na kuzisoma hizo kanuni zenyewe usiku nikikosa usingizi.

Kwanza tuwekane sawa kwa haraka. Zamani ukiwa na kipato kidogo na unapanga, kaunsili inakulipia kodi au sehemu yake, hiyo ndo hausing benefiti. Tangu 2013 wakaanza kuleta Universal Credit, benefiti moja iliyounganisha kadhaa, na kwa watu wa umri wa kufanya kazi pesa ya kodi sasa imo humo humo, inasimamiwa na serikali kuu sio kaunsili. Hausing benefiti ya kaunsili imebaki hasa kwa wazee waliofika umri wa pensheni na kwa walio kwenye makazi ya muda au makazi ya kusaidiwa. Kanuni za pande zote mbili kuhusu ndugu zinafanana kwa sehemu kubwa, pale zinapotofautiana nitasema. Na jambo moja kabla hujaendelea kusoma: kama viza yako imeandikwa huna haki ya fedha za umma, basi haya yote hayakuhusu, usiombe hata kama ndugu yako anakusukuma, unaweza kuharibu makaratasi yako ya ukaazi kwa ajili ya kodi ya miezi miwili. Nimesema.

Haya, sa twende kwenye kuishi nyumba moja na mwenye nyumba. Hapo ndo pana katazo la wazi kabisa. Kama mwenye nyumba ni ndugu wa karibu na mnaishi naye humo humo ndani, hulipiwi kitu, hata uwe na mkataba wenye muhuri na unalipa kila tarehe moja bila kukosa. Na nani ndugu wa karibu? Sheria imewataja: mzazi, mkwe aliyemzaa mwenzio, mtoto wako wa kike au wa kiume, mkweo aliyemwoa au kuolewa na mtoto wako, mzazi wa kambo, mtoto wa kambo, kaka na dada, pamoja na wenzi wa hao wote. Kaka na dada wa mzazi mmoja wamo. Basi, orodha imeishia hapo. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Baba mdogo, mama mkubwa, bibi, babu, mpwa, binamu, wote hawamo kwenye orodha hiyo.

Hili limewahi kumponza kijana mmoja tuliyemsaidia. Alikuwa amepanga chumba kwa mtoto wa mama yake mkubwa, wamekua pamoja, wamechezea ukuti uwanja mmoja, kwenye fomu alipoulizwa mwenye nyumba ni nani kwako kaandika ni kaka yangu. Ofisa angejuaje? Kwake kaka ni mliozaliwa na baba mmoja au mama mmoja, na kaka anaishi humo humo, jibu likarudi hapana, kavu, bila hata swali la pili. Ikabidi tuandike upya tukieleza mama wa huyu na mama wa yule ni ndugu, watoto ni binamu, tukaweka na vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili. Ilipita. Kwa hiyo kwenye fomu za huku ndugu muelezee kwa mstari wa damu, nani kamzaa nani, usimuite unavyomuita nyumbani. Na usije ukageuza ukafanya kinyume, ukamwita kaka yako wa damu binamu, huo sasa ni uongo kwenye fomu ya serikali na una mlango wake wa polisi.

Kama ndugu anaishi kwingine, hata awe mama yako mzazi, katazo hilo linaondoka. Mama ana nyumba Leicester mtaa huu, wewe umepanga nyumba yake ya pili mtaa ule, hapo hakuna shida ya undugu yenyewe. Inayobaki ni shida kubwa zaidi, na ndo ninayotaka kuikalia.

Sheria inataka upangaji uwe wa kibiashara. Sio lazima uwe wa faida, sio lazima kodi ilingane na ya mtaani, lakini uwe upangaji kweli: mmoja anadaiwa, mwingine anadai, na deni likigoma kuna hatua inachukuliwa. Ofisa anaangalia picha nzima, hakuna kitu kimoja kinachoamua peke yake. Kodi kuwa rahisi hakukuangushi peke yake. Kuwa ndugu hakukuangushi peke yake. Hata kuwa na malimbikizo ya kodi hakukuangushi, kwa sababu kinachoulizwa ni kama unadaiwa, na mtu anaweza kudaiwa kisawasawa huku hana hela. Lakini ukiviweka vyote pamoja, kodi rahisi, ndugu, hakuna mkataba, hakuna risiti, miezi minane haijalipwa na mwenye nyumba hajauliza hata mara moja, ofisa anafunga faili.

Pia wanaangalia kama masharti ya mkataba ni ya kusimamiwa kisheria. Nishaona mkataba mmoja wa kuandikwa kwa mkono, mzuri tu, una tarehe na sahihi, halafu sharti la nne limeandikwa mpangaji atawapeleka watoto madrasa na kuwarudisha, na la tano atampeleka bi mkubwa kliniki ya sukari akiitwa. Mi nilicheka mpaka machozi. Lakini ndo maisha yetu yalivyo, ndugu yako kakupa nyumba kwa bei ya chini na wewe unambebea mzigo wake upande mwingine, na kwetu hiyo ni haki kabisa, ni malipo. Kwa ofisa hiyo ni familia inasaidiana, na familia inayosaidiana serikali haiilipii kodi. Hakimu gani atakaa kusikiliza kesi ya mpangaji aliyegoma kupeleka watoto madrasa? Tuliwaambia waandike mkataba mwingine wa kodi peke yake, hayo ya madrasa yabaki mdomoni kama yanavyobaki kwa kila mtu.

Kesi iliyonifundisha mengi kuliko zote ni ya dada mmoja wa Tanga na mjomba wake. Ni ya zamani kidogo, kabla Universal Credit haijafika kwetu, wakati hausing benefiti ilikuwa bado ya wote. Mjomba ana nyumba mbili, anaishi moja, hiyo ya pili kampa mpwa wake aliyeachika na ana watoto wawili. Walikubaliana kodi, wakakubaliana tarehe, na mjomba ni mtu wa kuandika, ana daftari. Tukaambiwa tulete uthibitisho wa malipo, tukamwambia mjomba lete daftari, akalileta kwa fahari zote. Daftari la shule lenye gamba la bluu, ukurasa mzima wa mpwa, limepigiwa mstari kwa rula. Mstari wa kwanza: Machi, 450. Safi. Wa pili: Aprili, 300, na sukari na unga wa mama. Wa tatu: Mei, katoa nauli ya mdogo wake, tumemalizana. Wa nne: Juni, katuma kwa mama Tanga. Julai tena, katuma kwa mama Tanga.

Manake ilikuwa hivi. Mjomba kila mwezi anamtumia mama yake pesa nyumbani, na yule mama ndo bibi wa huyu mpangaji. Sa wakaona kuna haja gani ya hela kupita mikono miwili na kukatwa ada mara mbili, mpwa alipe kodi moja kwa moja kwa bibi, inaingia kwenye simu ya bibi kule Tanga, bibi anampigia mjomba kumwambia mzigo umefika, mjomba anaandika kwenye daftari. Mi nasema hawa watu walikuwa na hesabu safi kuliko upangaji mwingi niliouona wa watu wasiojuana. Kaunsili ilisoma daftari hilo hilo ikaona hakuna kodi, kuna watu wa ukoo mmoja wanazungushiana hela.

Barua ikaja ya kukataa. Upangaji sio wa kibiashara. Tukakata rufaa, ikafika kwenye baraza la rufaa la kwanza, ambalo kwa wasiolijua sio mahakama ya kutisha ya wigi na joho, ni chumba chenye meza, jaji mmoja, jagi la maji, na ukiomba wanakuletea mkalimani bure. Mjomba akaja kama shahidi, kavaa koti.

Jaji, mama mmoja wa makamo, mpole sana, akamuuliza: mpwa wako asipokulipa miezi mitatu utafanya nini? Mi moyo ukapiga paa, kwa sababu hilo ndo swali lenyewe, na nilijua mjomba hasemi uongo na wala hatukumfundisha la kusema. Akafikiri, akasema, nitaanza kwa kumwambia mama yake. Mkalimani akatafsiri. Jaji akaandika. Akauliza tena, halafu? Mjomba akasema, halafu nitaita kikao na wajomba zake wengine. Jaji akaandika. Na kikao kikishindikana? Mjomba akatoa miwani, akasema, mheshimiwa, ile nyumba ina mkopo wa benki, benki haina mjomba, nitamtoa nimtafute atakayelipa, na yeye mwenyewe anajua, nilimwambia siku nampa funguo.

Yule dada akaitikia kwa kichwa, kweli aliniambia. Wakaangalia steitimenti za mkopo, zinaonyesha mjomba analipa benki zaidi ya mia nne kwa mwezi na mshahara wake wa ghala la mizigo usingebeba nyumba mbili bila kodi hiyo. Tukaweka na meseji za simu za bibi, zilizotafsiriwa, kila moja na tarehe yake, zikaoana na daftari mstari kwa mstari. Rufaa ikakubaliwa. Kile kikao cha wajomba jaji hakukicheka, aliandika kwenye uamuzi kwamba mwenye nyumba alikuwa na utaratibu wa kufuatilia deni, ingawa wa kifamilia, na mwisho wa utaratibu huo ulikuwa kumtoa mpangaji.

Tangu hapo kila anayekuja kwangu na habari ya kupanga kwa ndugu namwambia kabla hajahamia, sio baada: andikeni mkataba, kodi ipite benki kwenda akaunti ya mwenye nyumba, kwenye maelezo ya muamala andika kodi na jina la mwezi, usiandike asante sana au mboga. Ukitaka kumtumia bibi mtumie, lakini baada ya kodi kufika kwa mwenye nyumba, na ada ya kutuma mara mbili ndo bei ya kuwa na ushahidi. Ukichelewa, mwenye nyumba akuandikie, hata meseji, isomeke anadai. Najua inaleta aibu. Mjomba kumwandikia mpwa wake meseji ya kumdai kodi, mama wa mpwa akiiona ataipeleka kwenye grupu la familia na moto utawaka. Basi waambieni mapema hiyo meseji ni ya nini.

Kuna tuhuma nyingine, ya kodi ya kutunga. Hii ni pale ambapo deni la kodi limebuniwa kwa makusudi ili benefiti ilipe, na ukikutwa hapo hata mkataba uwe mzuri vipi haukuokoi. Mfano wanaoushuku sana: kijana anaishi bure kwa wazazi miaka yote, kapoteza kazi, ghafla kuna mkataba wa kodi na kodi yenyewe ni sawasawa na kiwango cha juu ambacho serikali inalipa, mpaka senti. Hapo wala hawahitaji hata kuja kwenye kutunga, kama bado anaishi nao humo humo anaanguka kwenye lile katazo la kwanza. Lakini kununua nyumba kwa ajili ya kumpangisha ndugu mwenye shida sio kutunga kwa hapo hapo, wala kujua kwamba ndugu atategemea benefiti sio kosa. Wenye nyumba wangapi wanapangisha kwa watu wa benefiti na wanajua? Inaangaliwa nia ya wote wawili, na kodi ikiwa ya bei ya kawaida au chini yake unapumua.

Kwenye hausing benefiti ya kaunsili kuna makatazo mengine yaliyoandikwa moja moja, kwenye Universal Credit mengi ya hayo hayakuandikwa hivyo, yanamezwa na lile la jumla la kutunga. Kwa mfano, mmeachana na mume, nyumba ilikuwa yake, mliishi humo pamoja, sasa katoka yeye anakupangisha wewe: kaunsili hailipi. Au mwenye nyumba ni baba wa mtoto unayemlea: hailipi pia. Au nyumba ilikuwa yako, ukaiuza au ukaitoa ndani ya miaka 5 iliyopita na sasa unaipanga, hailipi mpaka uonyeshe kwamba usingeweza kuendelea kukaa humo bila kuiachia umiliki.

Hilo la mwisho linawagusa wazee wetu hasa. Mzee kachoka na mkopo, mtoto anasema baba niuzie nyumba mi nilipe benki wewe kaa humo humo unilipe kidogo. Inasikika vizuri sana mezani. Kama mtoto naye anaishi humo, imeisha palepale, ndugu wa karibu nyumba moja. Kama anaishi kwingine, kuna hiyo miaka 5, na mzee atatakiwa aonyeshe alikuwa kwenye hatari ya kunyang'anywa na benki au kitu cha aina hiyo, sio kwamba alichoka tu. Halafu akiwa na hela ya mauzo benki zaidi ya paundi 16,000, hausing benefiti haipo kabisa isipokuwa awe anapata ile Pension Credit ya kujazia kipato, na akiigawa hela hiyo kwa watoto ili ashuke chini ya hapo, wanaihesabu kama bado anayo. Nawaomba wazee, kabla hamjasaini chochote kwa mwanasheria wa nyumba, nendeni hata kwa Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri, ni bure.

Upande ambao mi naona sheria imekuwa na huruma, au tuseme majaji wamekuwa na huruma, ni wa wazazi wenye mtoto mkubwa mwenye ulemavu mkubwa. Kuna kesi iliyofika baraza la juu la rufaa, upande mmoja ilikuwa kaunsili ya Wychavon. Wazazi walimtengenezea binti yao nyumba inayofaa ulemavu wake, wakampangisha, na binti hana uwezo wa akili wa kuelewa mkataba. Mwanzo baraza likasema mkataba haupo kwa hiyo deni halipo kwa hiyo benefiti haipo. Mwaka 2012 uamuzi ule ukapitiwa upya, ikaonekana kwamba makazi ni hitaji la lazima, na sheria ya uwezo wa akili ya mwaka 2005 inasema mtu asiye na uwezo akipewa hitaji la lazima anadaiwa bei ya haki. Deni likawepo, benefiti ikawepo. Nina familia mbili hapa mtaani zinazolea watoto wa hivyo, walikuwa hawajui, walikuwa wanadhani wakidai kodi kwa mtoto wao watashtakiwa kwa kumnyonya.

Sa kiasi. Hata ukipita vikwazo vyote hivyo, hawalipi kodi yoyote mliyoandika. Kwa nyumba za watu binafsi kuna kiwango cha juu cha kila eneo, wenyewe wanakiita LHA (Local Housing Allowance), kimeanza nchi nzima 2008, na tangu 2011 kinapigiwa hesabu ili kitoshe nyumba za bei rahisi tu, zile asilimia 30 za chini sokoni. Halafu wanakigandisha. Kiligandishwa 2016 mpaka 2020, kikapandishwa wakati wa korona, kikagandishwa tena mpaka Aprili 2024, kikapandishwa, 2025 kikagandishwa tena, huku kodi za mtaani hazijawahi kuganda hata siku moja. Kama uko peke yako na hujafika miaka 35, unahesabiwa bei ya chumba kwenye nyumba ya kushirikiana hata kama umepanga fleti nzima ya shangazi, labda uwe kwenye wale wachache wenye msamaha. Juu yake kuna kofia, yaani kikomo, ya benefiti zote kwa pamoja kwa wasiofanya kazi. Ndo maana kwa watu wengi kupanga kwa ndugu sio ujanja wa kuibia serikali, ni mahali pekee pa kodi inayokaribiana na kiwango. Mwenye nyumba asiyekujua akisikia benefiti anakata simu.

Na ndugu mwenye nyumba naye asome hapa, asiniachie mpangaji peke yake. Kodi unayopokea ni kipato, inatangazwa kwa watu wa kodi ya mapato ikizidi paundi 1,000 kwa mwaka. Ukipangisha chumba cha nyumba unayoishi mwenyewe kuna msamaha mpaka paundi 7,500 kwa mwaka, lakini kumbuka chumba cha nyumba unayoishi kikiwa cha ndugu wa karibu benefiti haipo. Kama ni England unatakiwa kukagua haki ya kuishi ya mpangaji wako hata kama mlizaliwa hospitali moja, hiyo ni England nzima tangu 2016. Cheti cha gesi kila mwaka. Dipoziti ukiichukua iwekwe kwenye mfuko uliosajiliwa. Halafu soma mkataba wa mkopo wako, kwa sababu mikopo mingi ya nyumba za kupangisha inakataza kumweka ndugu wa karibu ndani, kuna aina yake maalumu, na benki ikigundua kupitia barua ya kaunsili utakuwa na kesi mbili. Tukienda kwenye rufaa, cheti cha gesi chenye tarehe na karatasi ya dipoziti vinasema zaidi kuliko mimi, vinaonyesha mwenye nyumba aliyejisumbua kuwa mwenye nyumba.

Ukikataliwa, usikae na barua kabatini. Una mwezi mmoja kutoka tarehe iliyoandikwa juu yake, sio tarehe uliyoifungua. Kwa Universal Credit lazima kwanza uombe waangalie upya uamuzi, wakikataa tena ndo unaenda baraza la rufaa. Kwa hausing benefiti unaweza kukata rufaa moja kwa moja kupitia kaunsili. Ukichelewa kwa sababu ya maana, ugonjwa, msiba, omba tu ukieleza, wana uwezo wa kukubali kwa muda mrefu zaidi. Wakati unasubiri, kama kodi inalipwa kwa shida, endelea kulipa hata kidogo na kipite benki, kwa sababu miezi hiyo ya kusubiri ndo watakayoiangalia.

Wiki hii kuna dada anataka kununua fleti karibu na kwake ampangishe mama yake, mama kapita miaka 70, yuko hapa kisheria siku nyingi, anapata Pension Credit. Karatasi zote zinakaa sawa: nyumba mbili tofauti, mama hajawahi kuimiliki, kodi ataiweka kwenye kiwango cha chumba kimoja cha kulala au chini yake, benki ameshaiuliza kuhusu mkopo wa kuweka ndugu, mkataba tumeshauandika. Aliyebaki ni mama. Amesema yeye hawezi kusaini karatasi ya kumlipa kodi mtoto aliyemnyonyesha, na kama ni hivyo bora ahamie Luton kwa kaka mtu, akakae bure kwenye chumba cha wajukuu. Dada kaniomba nikamzungumzie. Jumapili naenda, na nimeshampigia mjomba wa daftari, amekubali kunisindikiza.